Sindano ya kichocho iliyoacha homa ya ini

Mtu aliyekulia Mwanza au Ukerewe hahitaji kuelezwa kichocho ni nini. Unaingia majini, vijidudu vilivyotoka kwa konokono vinapenya ngozi, basi. Siku hizi wanafunzi wanapimwa urefu, wanapewa vidonge vya praziquantel, wanarudi darasani.

Wakulima wa Misri hawakuwa na vidonge hivyo. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali yao iliendesha kampeni kubwa ya kutibu kichocho kwa dawa ya antimoni, inayochomwa kwenye mshipa, tena si mara moja: mgonjwa mmoja alichomwa mara nyingi, wiki baada ya wiki. Kati ya 1964 na 1982 zilichomwa sindano zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Mabomba yalikuwa ya kioo, foleni ndefu, na kuchemsha vyombo kati ya mtu na mtu kulifanywa haraka haraka au hakukufanywa kabisa.

Kumbe kwenye damu ile kulikuwa na kirusi ambacho hakuna aliyekijua. Homa ya ini aina ya C ilikuja kutambuliwa 1989, na waliohusika na ugunduzi huo, Alter, Houghton na Rice, walipewa Nobeli 2020. Ni ugonjwa mpole kwa sura: unaweza kukaa nao miaka 20 huumwi popote, huku ini linajaa makovu. Mwaka 2008 utafiti ulikuta karibu mmoja kati ya kila Wamisri kumi wenye umri wa miaka 15 hadi 59 ana kirusi hicho.

Tuwalaumu wauguzi? Mimi nasita. Walikuwa wanaokoa watu na kichocho, na kweli waliokoa wengi. Lakini kwamba ugonjwa wa ini unaweza kuhamia kwa mwingine kupitia sindano, madaktari walilijua tangu Vita Vikuu vya Pili. Hapo wakubwa wa kampeni siwezi kuwatetea.

Halafu ikaja dawa, sofosbuvir. Marekani iliidhinishwa Desemba 2013 kwa bei ya dola 84,000 kwa wiki 12, yaani dola 1,000 kidonge kimoja! Misri ikabishana bei hadi ikaipata kwa dola 900 mwaka 2014, baadaye viwanda vyake vikaitengeneza vyenyewe na bei ikaporomoka. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 walipima karibu watu milioni 50, bure, na waliokutwa nacho wakatibiwa bure. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufika ngazi ya dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huu.

Vidonge vinaponya zaidi ya watu 95 katika 100. Chanjo bado haipo, na aliyepona anaweza kuambukizwa tena. Na kipimo cha kwanza kinaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi; kama bado kimo, anayejibu ni kipimo cha pili. Mzee wa kijijini kwenye Delta ya Nile aliyepona kabisa bado akipimwa kile cha kwanza leo, majibu yatasema anacho.