Kwa Baiskeli Hadi Shume

Mwaka 1994 niliondoka Lushoto kwenda Shume kwa baiskeli isiyo na gia, nikifuata njia ya vumbi ambayo gari halionekani asubuhi nzima. Kila mwinuko niliisukuma, na kuteremka kukanitisha zaidi, maana breki zilikuwa zimelika.

Wajerumani, walioiita Lushoto Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, hawakupata taabu hiyo. Kabla ya vita vya 1914 walitega nyaya juu ya genge, zikishusha mbao za mierezi kutoka Shume hadi relini Mkumbara. Wasambaa waliendelea kupanda kwa miguu, mzigo kichwani.

Mzee aliyenilaza aliicheka baiskeli yangu. “Mjukuu wangu, nyaya zile zilishusha miti yetu tu.”

Alfajiri nilianza kuteremka, nikiburuza kisigino.