Waumini Kabla ya Kanisa: Historia Fupi ya Watakatifu wa Siku za Mwisho Nchini Ghana

Kwa kumbukumbu rasmi, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kama kanisa la Wamormoni, lilianza Ghana tarehe 9 Desemba 1978. Siku hiyo wamisionari kutoka Marekani waliwabatiza waumini wa kwanza baharini, Cape Coast. Ila wengi wa walioingia majini hawakuwa wageni wa imani hiyo. Walikuwa wameishika, wameihubiri na kuchekwa kwa ajili yake miaka nenda miaka rudi. Anayetaka kuielewa taasisi hii basi aanze mwaka 1964.

Mwaka huo Joseph William Billy Johnson, mzaliwa wa Lagos aliyelelewa katika Ukatoliki, alipewa Kitabu cha Mormoni na Raphael Abraham Frank Mensah, aliyekuwa ameyapata maandiko ya kanisa hilo kupitia marafiki zake Uingereza. Johnson alisimulia baadaye kwamba alikuwa akisoma huku machozi yakimtoka. Asubuhi moja ya mwezi Machi, kwa maelezo yake, aliona malaika na kusikia jina lake likiitwa mara tatu, akatakiwa aifanye kazi ya Mungu, naye na nchi yake wangebarikiwa. Hakuwa na cheo, mshahara wala kibali cha makao makuu. Alitoka akaanza kuhubiri mitaani na vijijini.

Makutaniko yakaota moja baada ya jingine. Mjini Sekondi-Takoradi, Rebecca Mould, mwanamke aliyeheshimiwa na wafuasi wake kama nabii, aliongoza kundi lake mwenyewe. Ibada zao zilikuwa za Kighana hasa: ngoma, makofi na kucheza, huku mafundisho yakitoka kwenye vitabu na vijitabu vilivyoletwa na posta kutoka Salt Lake City, makao makuu ya kanisa.

Waliandika barua nyingi wakiomba wamisionari. Majibu yalikuja kwa upole, pamoja na vitabu vingine, lakini wamisionari hawakuja. Sababu ilikuwa ndani ya kanisa lenyewe. Tangu Brigham Young alipotangaza hadharani mwaka 1852, wanaume wenye asili ya Kiafrika hawakuruhusiwa kupewa ukuhani, na watu weusi, wake kwa waume, walizuiwa kupokea ibada za hekaluni. Zuio hilo halikuwapo tangu mwanzo: Elijah Abel, mwanamume mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, enzi za mwasisi Joseph Smith. Lakini kufikia miaka ya 1960 lilikuwa limeshakuwa ada isiyoguswa.

Mtu mweusi angeweza kubatizwa. Tatizo lilikuwa siku ya pili yake. Kanisa hili halina mapadri wa kulipwa. Kila tawi huongozwa na waumini wake wenyewe, na sakramenti ya Jumapili hubarikiwa na mwenye ukuhani. Tawi la watu weusi watupu, chini ya zuio lile, lisingeweza kujiendesha hata Jumapili moja. Nchi nyingine ya pwani hiyohiyo, Nigeria, ilishaonja kadhia hiyo: makundi ya waumini yaliomba wamisionari, kanisa likajiandaa kuwapeleka, kisha gazeti la Nigerian Outlook likaanika mafundisho hayo mwaka 1963, na viza zikakwama.

Johnson aliendelea kuwaambia watu wake kwamba siku moja wangekuja. Wengine walichoka wakarudi kwenye makanisa yao ya zamani, na nani wa kuwalaumu? Usiku mmoja wa Juni 1978, Johnson akiwa amekosa usingizi, alisikia msukumo wa kufungua redio yake ya masafa mafupi. Ilikuwa yapata saa sita usiku, BBC ikisoma habari: Rais wa kanisa, Spencer W. Kimball, ametangaza ufunuo kwamba ukuhani sasa ni wa kila mwanamume anayestahili, wa rangi yoyote. Kwa mujibu wake mwenyewe, aliruka juu akilia kwa furaha.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Novemba mwaka huo Mzee Rendell Mabey na mkewe Rachel, pamoja na Mzee Edwin Cannon na mkewe Janath, walitua Afrika Magharibi, na Desemba wakafika Cape Coast. Hawakuwa na haja ya kutafuta wa kumhubiria. Waliwahoji watu waliokwisha kuamini, wakawabatiza, wakawapa wanaume ukuhani na kuunda matawi. Johnson, aliyeanzisha makutaniko yale, akabatizwa kama muumini wa kawaida, kisha akafanywa kiongozi wa tawi la Cape Coast.

Kupona huko kulikuwa na gharama zake. Ngoma na makofi vilinyamazishwa, zikashika nafasi nyimbo za kitabu. Sadaka ya kupitishwa ibadani ikaacha nafasi kwa zaka ya kukabidhiwa kimyakimya. Aliyepata riziki yake kwa kuchunga kundi sasa alichunga bure. Rebecca Mould ndiye aliyepoteza zaidi: kwa kuwa ukuhani ni wa wanaume, kundi alilolilea halikuwa tena mikononi mwake. Alipewa kuongoza jumuiya ya wanawake, akavumilia kwa muda, hatimaye akaondoka na baadhi ya wafuasi wake.

Jaribio kubwa la taasisi lilikuja tarehe 14 Juni 1989. Serikali ya kijeshi ya PNDC chini ya Jerry Rawlings ilipiga marufuku makundi manne ya dini, wakiwamo Wamormoni na Mashahidi wa Yehova, kwa hoja kwamba mwenendo wao ulihatarisha mamlaka ya nchi na utulivu wa umma. Wamisionari wa kigeni waliamriwa kuondoka ndani ya wiki moja. Milango ya makanisa ikafungwa, askari wakawekwa kulinda. Baadhi ya waumini walikamatwa.

Hapo ndipo mfumo usio na mapadri ulipoonyesha faida yake. Kwa idhini ya viongozi wao, familia zilikaa sebuleni Jumapili, baba akabariki mkate na maji, watoto wakafundishwa mezani. Marufuku ilipoondolewa Novemba 1990, kanisa lilikuta waumini wake bado wapo. Mwaka uliofuata vigingi vya kwanza vya Ghana, yaani majimbo yanayokusanya makutaniko kadhaa, viliundwa Accra na Cape Coast, vikiongozwa na Waghana. Tarehe 11 Januari 2004, Rais wa kanisa, Gordon B. Hinckley, aliweka wakfu Hekalu la Accra, la pili barani Afrika baada ya lile la Johannesburg la mwaka 1985. Mwaka 2021 likatangazwa hekalu jingine, Kumasi.

Johnson aliishi kuliona hekalu la Accra. Alitumikia kama rais wa tawi na wa wilaya, mmisionari na patriaki, akafariki mwaka 2012. Mwaka mmoja baadaye kanisa lilichapisha maelezo yanayokana nadharia zote zilizotumiwa zamani kuhalalisha zuio, zikiwamo zile zilizodai weusi ni alama ya laana.

Kila Desemba, Watakatifu wa Ghana wana haki ya kuikumbuka siku ya bahari ya Cape Coast. Lakini ubatizo ule uliwakuta wakiwa na makutaniko, viongozi na miaka 14 ya kuhubiri bila wamisionari. Miaka hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya umri wa kanisa lao, na jina la Rebecca Mould lisomwe pamoja na la Johnson, kwa sababu aliyeondoka naye alijenga.