Neno "Yeye"

Katika Orlando, riwaya ya Virginia Woolf ya mwaka 1928, balozi kijana aliyezama usingizini siku nyingi mjini Constantinople huamka akiwa mwanamke, na hapo Kiingereza, chenye neno la mwanamume na jingine la mwanamke, hulazimika kubadili kiwakilishi kilichomwandama tangu sentensi ya kwanza. Kiswahili hakina dharura hiyo: yeye alilala, yeye akaamka, na ile "a" ndogo iliyotangulia kitenzi haimsaili mtu jinsia yake. Nalienzi neno hili kwa dhati, kwani msomaji aliyebadili jinsia hupata humo stara asiyohitaji kuiomba. Taabu huanza kwenye maamkizi, pale ulimi udaipo bwana ama bibi, kaka ama dada.