Ubao wa Kafi: Historia Yake Ndiyo Somo la Kuutunza

Kazi yangu ni ugani wa uvuvi, na hapa tumezoea kuzungumzia nyavu, mitumbwi na barafu ya samaki. Leo tuangalie chombo kingine: ubao mrefu ambao mtu husimama juu yake na kujisukuma kwa kafi moja. Umeshauona kwenye fukwe zenye wageni. Kijana wa pwani akifikiria kuununua huwa na maswali matatu: ninunue wa aina gani, nianzie wapi, na niutunzeje usife msimu wa kwanza? Kama unategemea kuukodisha, ubao mmoja ndio mtaji wako wote. Ukipasuka, biashara imesimama.

Ningeweza kukupa orodha ya masharti tu, lakini sharti lisilo na sababu halikai kichwani. Kila sharti la chombo hiki lilitokana na kitu kilichotengenezea ubao, au na watu waliopoteza maisha. Tufuate historia yake hatua kwa hatua, na kila hatua tuchukue ushauri wake.

Ubao wa mti: kausha, paka, funika

Wenyeji wa visiwa vya Hawaii walikuwa wakichonga mbao za kuteleza juu ya mawimbi muda mrefu kabla Kapteni Cook hajafika huko mwaka 1778. Walitumia miti ya koa, wiliwili, na pia mshelisheli, jamaa yule yule ambaye matunda yake tunayala Unguja. Mbao fupi ziliitwa alaia. Ndefu, za machifu, ziliitwa olo, na mbao za chifu Paki zilizohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Bishop, Honolulu, zina uzito wa zaidi ya kilo 60 kila moja.

Mmisionari Mwingereza William Ellis alikizunguka kisiwa cha Hawaii mwaka 1823 na akaandika jinsi watu walivyotunza mbao zao. Baada ya kuutumia, waliuanika ubao mpaka ukauke kabisa, wakaupaka mafuta ya nazi, wakauviringishia kitambaa, kisha wakautundika ndani ya nyumba.

Nahodha wa ngalawa hatashangaa kusikia hayo. Naye hupaka chombo chake sifa, yale mafuta ya ini la papa, na chini hupaka deheni ya chokaa na shahamu. Tena kuna undugu hapa. Wanahistoria wengi wa vyombo vya majini wanaona kwamba ngalawa yetu na mtumbwi wa Hawaii, vyote vyenye mbao za pembeni za kuzuia kupinduka, vina asili kwa mabaharia wa visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki. Wengine walikwenda mashariki hadi Pasifiki, wengine magharibi hadi Madagaska na Komoro.

*Ushauri:* ubao wa leo hauhitaji mafuta, lakini mpango ni ule ule. Usuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uukaushe, uufunike, uuweke kivulini mbali na ardhi.

Ubao wenye uwazi: maji yakiingia ndani

Mmarekani Tom Blake alizikarabati zile mbao za Paki, kisha akawaza jinsi ya kupunguza uzito. Mwaka 1929 alitengeneza ubao wenye uwazi ndani, na hataza yake ilitolewa mwaka 1932. Ulikuwa mwepesi kuliko gogo, na waokoaji wa fukweni waliupenda. Lakini ulileta adui mpya: maungio yakilegea, maji yanaingia. Ndiyo maana mbao hizo ziliwekewa kizibo cha kumwagia maji.

*Ushauri:* kabla ya kununua ubao mgumu uliokwisha kutumika, uinue na kuutikisa. Ukisikia maji yakicheza ndani, au ukiona ni mzito kupita kiasi, uache. Wa kwako ukipata ufa, hata mwembamba kama unywele, usiushushe majini mpaka umekauka na kuzibwa.

Waikiki: kwa nini walisimama

Kati ya miaka ya 1940 na 1960, wakufunzi wa ufukwe wa Waikiki walichukua makafi ya mitumbwi na kusimama juu ya mbao kubwa. John AhChoy na wanawe Leroy na Bobby hutajwa sana katika habari hii. Sababu zilikuwa za kikazi. Aliyesimama huliona wimbi likiwa mbali, huwaangalia wanafunzi wake, na kamera iliyo shingoni hailowi. Mvuvi anayesimama kwenye mtumbwi na kusukuma kwa pondo anaelewa faida hiyo bila kuelezwa.

Angalia kwamba walichagua mbao kubwa. Ubao mdogo wa mawimbi hubebwa na mwendo, na ukisimama juu yake ukiwa umetulia, unazama.

*Ushauri kwa anayeanza:*

1. Chukua ubao wa urefu wa mita 3.2 hivi na upana wa sentimita 80 hivi. Angalia pia uzito wa mtu uliotajwa na mtengenezaji.
2. Kafi likuzidi urefu kwa sentimita 15 hadi 25.
3. Anza kwa magoti, maji yakiwa yametulia na yakifika angalau kiunoni.
4. Simama katikati, penye mpini wa kubebea, miguu ikiwa na upana wa mabega na magoti yamelegea. Tazama mbele, usitazame miguu.
5. Bapa la kafi liinamie mbele. Wanaoanza wengi hulishika kinyume.
6. Ukianguka, angukia pembeni kwenye maji. Usiruke kichwa mbele, kwani hujui matumbawe yako wapi.

Faiba na povu: wepesi wenye masharti

Baada ya Vita Kuu ya Pili, faiba iliingia katika utengenezaji wa mbao hizi. Mwaka 1958, huko California, Hobie Alter na Gordon Clark walifanikiwa kutengeneza mbao za povu gumu la poliyurethani lililofunikwa faiba. Mti ukapoteza soko. Leo mbao ngumu nyingi za kusimamia zina povu jeupe ndani, la jamii ya lile linalofungashia televisheni, na ganda la faiba lenye resini ya epoksi.

Ganda hilo ni jembamba. Jiwe dogo linalitoboa, na joto kali hutanua hewa iliyo ndani mpaka ganda liachane na povu.

*Ushauri:* usiuegemeze ubao ukutani kwenye jua, wala usiuburute mchangani. Kama una skrubu ya kupumulia, hakikisha imefungwa kabla ya kuingia majini. Na ukipeleka kwa fundi wa boti za faiba, mwulize kwanza anatumia resini gani. Resini ya poliesta, iliyozoeleka kwenye boti, huyeyusha povu lile jeupe. Mwambie atumie epoksi.

Ubao wa kujaza upepo

Miaka ya 1990, Laird Hamilton na Dave Kalama waliufufua mtindo wa kusimama kule Maui. Mwaka 2003 mashindano ya Makaha, Hawaii, yaliuwekea kundi lake, na mwaka 2004 Rick Thomas aliupeleka California. Ukaanza kuenea duniani, lakini kubeba ubao wa mita tatu kwenye gari au ndege ni shida.

Jibu lilikuwa limeshapatikana kwenye kiwanda cha matairi. Mwaka 1956 kampuni ya Goodyear ilirusha ndege ya kujaza upepo, iitwayo Inflatoplane. Kitambaa chake kilikuwa na tabaka mbili zilizounganishwa kwa maelfu ya nyuzi, hivyo kikijaa kinakuwa bapa na kigumu badala ya kuvimba kama puto. Ufundi huo ndio uliomo ndani ya ubao wa kujaza wa leo.

*Ushauri:* mbao nyingi za aina hii hujazwa psi 12 hadi 15, karibu nusu ya tairi la gari dogo. Soma kiwango kilichoandikwa kwenye vali, usikadirie kwa kidole. Ukijaza psi 15 hewa ikiwa nyuzi 25, kisha ubao ukaachwa juani hewa ya ndani ikafika nyuzi 60, shinikizo linapanda hadi psi 18 na ushee. Hapo ndipo mishono inapoachia. Ukipumzika, uweke kivulini au upunguze upepo. Ondoa mchanga kwenye vali kabla ya kuifungua, na usiukunje ukiwa na unyevu, utaota ukungu.

Ni chombo, si mchezo

Mwezi Oktoba 2008, Walinzi wa Pwani wa Marekani waliamua kwamba ubao huu ukitumika nje ya eneo la kuogelea na la mawimbi ni chombo cha majini, hivyo lazima kuwe na jaketi la kuokolea maisha. Uamuzi huo ulikuwa wa Marekani, lakini hoja yake inatuhusu sote.

Tarehe 30 Oktoba 2021, huko Haverfordwest nchini Wales, watu wanne walifariki baada ya kundi lao la mbao za kafi kupita kwenye kizuizi cha mto uliojaa maji ya mvua. Uchunguzi wa serikali ulibainisha, pamoja na mengine, kwamba kamba walizojifunga hazikuwa za aina inayofaa. Kwenye maji yaendayo kasi, kamba ya mguuni ikinasa, mkono hauifikii na mkondo unakushikilia chini.

*Ushauri:* baharini kwenye maji tulivu, funga kamba ya mguuni kila mara, kwani ubao ndio boya lako na upepo huupeperusha haraka kuliko unavyoogelea. Mtoni tumia mkanda wa kiunoni unaofunguka kwa kuvuta mara moja. Usiingie na ubao huu kwenye mto wenye mamba au viboko.

Jihadhari na umande, upepo wa asubuhi utokao nchi kavu. Ufukweni maji yanaonekana shwari, kumbe unasukumwa kuelekea mkondo mkuu. Nenda kwanza kinyume na upepo, urudi ukiwa nao mgongoni. Vaa jaketi, beba filimbi, na mwambie mtu saa utakayorudi. Ukizidiwa, piga magoti au lala kifudifudi upige maji kwa mikono, na usiuache ubao kamwe.

Kabla ya kulipa hata shilingi, basi, mwulize muuzaji swali moja: ubao huu umetengenezwa kwa nini? Jibu lake ndilo litakaloamua utautunzaje. Tukutane kwenye somo lijalo.