SAA 75 ANGANI, SIKU 51 NJIANI: NDEGE YA KWANZA KUTOKA BRUSSELS MPAKA KINSHASA

Mutu akiniuliza Brussels na Kinshasa ziko mbali namna gani, mimi namuuliza kwanza: unataka kilomita ao unataka siku? Hayo ni mambo mawili.

Tarehe 12 Februari 1925, Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Brussels na ndege ya Handley Page yenye mota tatu, pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker. Walipita Ufaransa, Hispania, jangwa la Sahara, Niamey, Fort-Lamy (ndiyo N'Djamena ya leo) na Bangui. Walitua Léopoldville, Kinshasa yetu ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51!

Sasa tufanye hesabu. Njia yao ilipita kilomita 8,000, lakini ndege ilikuwa angani saa 75 na dakika 25 tu. Siku 51 ni saa 1,224. Kwa kila saa 16, waliruka saa moja. Zingine zote walikuwa chini: kulala, kutengeneza ndege, kungoja. Na wakati ule meli ya Antwerp mpaka Matadi ilikuwa inachukua karibu wiki tatu. Kumbe ndege ilishindwa na meli!

Miaka kumi nyuma yake, 1935, kampuni ya Sabena ilifungua safari za kawaida, na mutu akawa anafika kwa siku tano na nusu. Ndege zilikuwa zimekuwa nzuri zaidi, ni kweli. Lakini pia njiani kulikuwa viwanja, mafuta na mafundi. Huku kwetu, pori la viwanja hivyo lilifyekwa na wafanyakazi Wakongomani. Jina la Thieffry liko katika vitabu. Ya kwao tuwaulize wazee kama bado wanayakumbuka.

Leo ndege ya moja kwa moja inafanya karibu saa nane. Brussels haikusogea hata hatua moja.

Kwa nini nawaletea habari hii? Kwa sababu kinyume chake pia kinawezekana. Kati ya Goma na Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 1,560, safari ya saa chache. Januari 2025 vita ikafunga uwanja wa Goma. Kilomita zilibaki zilezile, lakini mwenye kuitwa Kinshasa kwa kazi ao masomo akaanza kutafuta njia ya kupitia Kigali, na pesa ya njia hiyo.

Basi siku mukisikia kiongozi anaahidi ndege mupya, mumuulize kwanza habari ya uwanja, mafuta, fundi na amani. Na wewe, kutoka kwenu mpaka Kinshasa ni siku ngapi? Andika hapa chini.