Kompyuta ya ZX Spectrum na Uhaba Ulioiumba

Kompyuta ya nyumbani ya ZX Spectrum ilitolewa Aprili 1982 na kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge, Uingereza, kwa bei ya pauni 125 ikiwa na kilobaiti 16 za kumbukumbu na pauni 175 ikiwa na 48, na sifa nyingi za michezo yake zilitokana na unafuu huo. Skrini yake ilikuwa televisheni ya sebuleni, na programu zilihifadhiwa katika kaseti za kawaida za muziki.

Uhaba ulionekana zaidi katika rangi. Ili picha yenye pikseli, yaani nukta, 256 kwa 192 isichukue zaidi ya baiti 6,912, skrini iligawanywa katika miraba ya nukta nane kwa nane, na kila mraba ukaruhusiwa rangi mbili tu, hivyo mhusika aliyepita mbele ya kitu cha rangi nyingine aliambukizwa rangi hiyo au akakiambukiza ya kwake. Katika mchezo wa Knight Lore (1984) dosari hiyo ilikwepwa kwa kuchora kila chumba kwa rangi moja juu ya weusi, na wanaousifu mwonekano huo kama uamuzi wa kisanaa tu husahau kwamba nyuma yake kulikuwa na hesabu ya baiti.

Lugha ya BASIC iliyokuja na mashine ilikuwa ya polepole mno kwa michezo ya kasi, kwa hiyo watungaji wengi walitumia asembla, programu inayogeuza vifupisho vya maagizo kuwa namba zinazoeleweka na kichakataji cha Z80. Kwa kuwa asembla nayo ilikula kumbukumbu iliyohitajiwa na mchezo wenyewe, mtungaji Matthew Smith aliandika mchezo wa Manic Miner (1983) kwenye kompyuta nyingine, TRS-80.

Kampuni ya Amstrad, iliyoinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986, iliruhusu mwaka 1999 programu za msingi za mashine zisambazwe pamoja na emuleta, yaani programu zinazoifanya kompyuta ya kisasa itende kama ile ya zamani. Emuleta makini huiga hata udhaifu: chipu ya picha iliposoma kumbukumbu ya skrini, kichakataji kilichoihitaji wakati huohuo kilisubirishwa kwa muda mfupi sana, na ipo michezo inayoharibika kucheleweshwa huko kusipoigwa sawasawa. Watungaji wa leo, wanaotumia zana kama z88dk kugeuza programu za lugha ya C ziwe maagizo ya Z80, wanafanya kazi yao kwenye mashine kubwa zaidi, kama alivyofanya Smith.