Mshumaa wa Hanuka si wa kumulikia

Kila Desemba hukosi kumsikia mtu hapa Nairobi akiiita Hanuka "Krismasi ya Wayahudi". Jina hilo ni jepesi mdomoni ila linapotosha, kwani Hanuka ilitangulia kuzaliwa kwa Yesu kwa zaidi ya karne moja na nusu. Mnamo mwaka wa 164 K.K., Wamakabayo walilitwaa Hekalu la Yerusalemu lililokuwa limenajisiwa na mfalme Antioko wa Nne, wakalitakasa na kuliweka wakfu upya.

Kuweka wakfu ndiyo maana ya neno lenyewe. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili, toleo la Union, waliiita Sikukuu ya Kutabaruku katika Injili ya Yohana, sura ya 10. Kutabaruku lina mzizi mmoja na baraka. Isitoshe, wanaisimu wa lugha za Kisemiti huuhusisha mzizi wa hanuka na tahniki, ile desturi ya Waislamu ya kumpaka mtoto mchanga tende kwenye kaakaa. Kote wazo ni moja: kuanzisha jambo kwa baraka.

Na mishumaa je? Usiku wa kwanza huwashwa mmoja, wa pili miwili, hadi minane usiku wa nane. Wafuasi wa Shamai walitaka ianze minane ikipungua. Wale wa Hileli wakashikilia iongezeke, na rai yao ndiyo iliyoshinda. Pembeni husimama mshumaa wa ziada, shamash, yaani mtumishi, unaowashia mingine. Msomaji asidhani ndiko lilikotoka neno letu mshumaa. Hilo limetokana na Kiarabu sham', nta. Kufanana kwa sauti si udugu.

Mtumishi huyo ana kazi. Mishumaa ya Sabato, Ijumaa jioni, huwashwa ili nyumba ipate mwanga. Ya Hanuka ni mwiko kuitumia: huwezi kuisomea gazeti wala kulia chakula, hata stima zikipotea. Ni ya kutazamwa tu. Ndiyo sababu huwekwa mlangoni au dirishani, mpita njia naye aone.

Hapo ndipo Nairobi inapotatiza. Wayahudi wamekuwa na jumuiya yao hapa tangu 1904, na sinagogi lao liko katikati ya jiji, pale University Way inapokutana na Uhuru Highway. Si mbali na hapo, hoteli ya Norfolk, iliyohusishwa na familia ya Block, ililipuliwa kwa bomu tarehe 31 Desemba 1980. Mwaka wa 2013 yakaja mashambulizi ya Westgate kule Westlands. Leo, ukipita Lavington au Kileleshwa, unaona ukuta, waya wa umeme na bawabu. Dirisha lenyewe hulioni, seuze mshumaa!

Talmudi ililiona hilo mapema: wakati wa hatari, inasema, mishumaa iwekwe mezani, na inatosha. Nami naiona ruhusa hiyo kuwa ya huruma, lakini yenye gharama. Nuru iliyokusudiwa jirani ikibaki mezani, jirani hubaki na jina la kubahatisha kama hilo la "Krismasi ya Wayahudi". Kuta tulizozijenga sote kwa hofu zimetunyima kujuana. Basi tuanze na lililo rahisi: tuiite sikukuu ya watu kwa jina lake. Hanuka, au Kutabaruku.